UZI: Kupakia vifaa vya kambi kwenye pikipiki ndogo, kutoka Lubumbashi hadi Lufira, Tshangalele na Kundelungu

Mkaaji wa Katuba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, kila mwaka mvua zikishakatika, na hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo barabara za udongo zimekauka, watu wengi wa hapa Lubumbashi huuliza namna ya kwenda kulala porini kwa pikipiki, iwe kando ya Mto Lufira, iwe kwenye Ziwa Tshangalele lililotokana na bwawa la Mwadingusha, au, kwa wenye muda zaidi, kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu yaliko maporomoko ya Lofoi ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 300. Kuhusu njia na vibali tumekwisha kuandikiana mara nyingi, na anayekwenda Kundelungu anajua kwamba pale ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, hivyo aanze kwa kuomba ruhusa kwa ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi. Uzi huu ninaufungua kwa jambo moja tu: hema, mkeka, mablanketi, sufuria, maji na chakula vikae wapi juu ya pikipiki ya cc 125 ambayo aliyeiunda hakuwa na safari hizo akilini.

Msimamo wangu ni kwamba ukubwa wa mzigo na uzito wa mzigo ni mambo mawili, na anayeyachanganya atapakia vibaya hata akiwa na kamba bora kuliko zote sokoni. Chukueni pikipiki ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna sentimita 125, kipimo cha kawaida kwa hizi za Kihindi na za Kichina tunazozitumia. Ukifunga bidoni la maji la lita 20, yaani kilo 20, kwenye ncha ya keria, sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la nyuma litakandamizwa kwa karibu kilo 30, na la mbele litapunguziwa karibu kilo 10, kwa sababu bidoni linafanya kazi ya wenzo. Gurudumu la mbele ndilo linaloongoza, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi unapofunga breki. Kwenye lami ya kwenda Likasi utahisi tu kwamba mpini umekuwa mwepesi. Ukiingia kwenye mchanga, gurudumu litakwenda linakotaka lenyewe. Sasa weka mahali hapohapo mkeka wa sponji wa kilo moja na nusu, ambao kwa macho ni mkubwa kuliko bidoni: gurudumu la mbele halipotezi hata kilo moja.

Kwa hiyo vizito, yaani maji, zana, unga wa bukari (ugali), makopo na sufuria, vikae chini na mbele kadiri nafasi inavyoruhusu, ama pande mbili za tangi, ama ndani ya mikoba ya pembeni iliyosogezwa mbele ya ekseli ya nyuma. Vikubwa vilivyo vyepesi, kama mkeka, nguo na mfuko wa kulalia, ndivyo vinavyostahili kwenda nyuma na juu. Hema liko katikati ya makundi hayo. La watu wawili lina kilo tatu hivi, na kinacholifanya lisumbue ni zile fito, ambazo zikikunjwa hubaki na urefu wa sentimita 40 hadi 60 na kulilazimisha furushi lote kufuata umbo lao. Nashauri fito zitolewe kwenye mfuko wa hema na zifungwe peke yake kwa urefu kando ya keria, ili kitambaa kibaki laini na kiweze kujaza pengo lolote.

Upana nao una mpaka wake. Mzigo usizidi ncha za mpini, kwa kuwa mpini ndicho kipimo ambacho macho ya dereva yamezoea anapopita kati ya vitu viwili, na kwa kuwa malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huacha upepo unaoushika mzigo mpana kama tanga.

---

Manseba wa Njanja

Yaya, nimesoma kwa heshima, lakini ninaona jambo rahisi limefanywa gumu. Sisi manseba, tunaobeba watu na mizigo kwa pikipiki hapa mjini, hupakia kila siku magodoro, magunia ya makala (makaa), mbuzi, viti vya plastiki na hata milango, na vyote hukaa nyuma, vikafungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu za malori. Hatuna mikoba ya pembeni wala hesabu za wenzo. Kamba ya mpira haina mfano: barabara ikirusha mzigo, mpira hunyooka na kurudi, ilhali kamba ya nailoni ikishalegea mara moja hulegea moja kwa moja. Mtu wa kambi akija kwangu nitamfungia kila kitu kwa muda mfupi na hakitaanguka.

---

Mkaaji wa Katuba

Ndugu manseba, kuhusu mpira tunakubaliana kabisa, na ningependa wasomaji wakusikilize wewe kabla ya kukimbilia mikanda ya dukani. Nailoni hunywa maji na ikilowa hurefuka, ndiyo maana mzigo uliofungwa asubuhi kwenye ukavu hucheza baada ya mvua; mkanda wa poliesta haufanyi hivyo kwa kiasi kikubwa. Mpira una ubaya wake pia, kwani jua huupasua, na mpasuko mdogo ukiwa umeanza hukatika ghafla. Uvuteni kabla ya safari mkitazama nyufa. Zile kamba za duka zenye kulabu za chuma kwenye ncha mimi siziruhusu kabisa karibu na uso wa mtu: ikichomoka wakati wa kuvuta, kulabu hurudi moja kwa moja machoni.

Tunapotofautiana ni hapa. Mjini unakwenda polepole, kwa mwendo mfupi, na abiria au godoro likiyumba unasimama kando na kurekebisha. Mpiga kambi anakwenda kilomita 120 hivi za lami hadi Likasi pamoja na malori, kisha anaacha lami na kuingia njia yenye mawimbi ya udongo yanayotikisa kila nati kwa saa kadhaa. Mzigo ambao haukuanguka kati ya mitaa ya Njanja na Ruashi haujathibitisha lolote kuhusu njia ya namna hiyo. Tena, swali langu halikuwa tu kama mzigo utaanguka. Mzigo unaweza kukaa imara kabisa na bado ukamwangusha dereva kwa sababu uko mahali pasipofaa.

---

Fundi wa mtaa wa Kenya

Mwanzisha uzi amegusa keria juujuu tu, na hapo ndipo ninapoona kazi mbovu zaidi, hivyo mniruhusu niandike kwa kirefu kidogo.

Fremu ya pikipiki ndogo ina mifupa miwili. Mfupa mkuu unashika injini, mpini na mkono wa gurudumu la nyuma. Mfupa wa pili, ule ulio chini ya kiti, ni wa mabomba membamba na umekusudiwa kubeba abiria aliyeketi, ambaye uzito wake unaangukia karibu na mahali springi zilipofungwa. Kila kitu kinachowekwa nyuma ya springi hizo kinaning'inia. Keria ya kiwandani huvumilia kilo chache tu, na kwa nyingine kipimo hicho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Watu huja wakitaka nirefushe keria kwa sentimita 30 ili masanduku mawili yakae. Ninaweza kuirefusha, lakini nikiirefusha, kitakachopasuka si keria yangu. Ni bomba la fremu, pale linapokutana na kishikio cha springi, na mpasuko huo huanza chini ya rangi bila kuonekana.

Ninalopendekeza ni fremu ya pembeni, moja kila upande, iliyofungwa kwa bolti katika sehemu tatu: kwenye bolti ya juu ya springi, kwenye kishikio cha kanyagio la abiria, na nyuma kwenye keria. Halafu fremu hizo mbili ziunganishwe kwa bomba moja linalopita nyuma ya kibao cha namba, kwa sababu bila bomba hilo kila upande hucheza peke yake hadi bolti zinakatika. Sichomelei kamwe kwenye fremu yenyewe ya pikipiki. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pembeni ya kiungo, na bomba jembamba likishapata joto hilo huwa rahisi kuvunjika hapohapo. Bolti ikikatika Mwadingusha utapata nyingine kwa muuza vipuri yeyote. Fremu ikikatika, safari imekwisha.

Chuma kizito pia hakina faida. Wateja hupenda nondo nene kwa kuwa zinaonekana imara, na matokeo yake ni kwamba keria pekee inafikia kilo kumi na kitu kabla ya kupakia hata kijiko. Bomba jembamba la duara, lenye kona zilizopindwa bila kukatwa, linatosha kwa mikoba ya turubai. Upande wa ekzosi wekeni bati la kuzuia joto, lenye nafasi ya hewa kati yake na mkoba, la sivyo turubai itayeyuka. Kwa nati, tumieni zile zenye pete ya plastiki ndani, na mzikaze tena baada ya nusu saa ya kwanza ya barabara ya udongo.

Kuna kitu kingine ambacho kinanunulika bila pesa: springi za nyuma. Chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi, mara nyingi tano, inayozungushwa kwa ufunguo wa ndoana. Pikipiki nyingi hapa mjini bado ziko kwenye ngazi ile ile ya siku ziliponunuliwa. Zote mbili zipandishwe sawasawa kabla ya safari. Pikipiki iliyokaa chini nyuma huinua taa ya mbele na kuwapofusha wanaokuja, hugusanisha tairi na madigadi kwenye mashimo, na hukaza mnyororo. Ndiyo maana ulegevu wa mnyororo upimwe mzigo ukiwa juu na dereva ameketi. Upepo wa tairi ufuate kibandiko kilichopo kwenye kifuniko cha mnyororo au kwenye mkono wa nyuma. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni psi 28 nyuma ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria au mzigo. Anayejaza hadi 40 akidhani anaongeza nguvu anapunguza tu ushikaji kwenye changarawe.

---

Manseba wa Njanja

Papa fundi, hili la mnyororo nimelichukua. Ninaongeza langu moja kuhusu kamba: ncha zinazobaki baada ya fundo zisiachwe zikipepea. Nimewahi kumwona mwenzetu kamba ikimezwa na mnyororo, gurudumu la nyuma likajifunga hapohapo, na bahati ilikuwa kwamba alikuwa anaondoka tu kwenye kituo. Kila ncha irudishwe chini ya fundo au ifungwe kwa kipande cha mpira. Na kila furushi liwe na vifungo viwili visivyotegemeana, kwamba kimoja kikikatika kingine kinalishika.

---

Mama wa Kampemba

Ninawashukuru kwa maelezo. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Lufira mwezi wa Julai kwa pikipiki moja. Mnazungumza kana kwamba kila mtu anasafiri peke yake. Je, sisi wawili tuweke wapi vitu hivyo? Mume wangu anasema nivae mgongoni mkoba mkubwa wenye vitu vyote. Tena ninaogopa baridi kuliko barabara. Mablanketi mawili mazito peke yake yanajaza gunia zima.

---

Mkaaji wa Katuba

Mama, tuanze na hesabu ambayo haipendezi. Katika kitabu cha pikipiki mna uzito wa juu unaoruhusiwa pikipiki ikiwa imepakiwa, na uzito wake ikiwa tupu. Ukitoa huu wa pili kwenye ule wa kwanza unapata nafasi iliyobaki, na nafasi hiyo inawahesabu watu pia. Kwa pikipiki nyingi za cc 125 ni kama kilo 130 hadi 150. Mume wa kilo 70 na mke wa kilo 60, pamoja na kofia, viatu na makoti ya baridi, wamekwisha kuifikia 130 kabla ya hema. Kinachobaki, kama kinabaki, ni kilo kumi au ishirini. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba watu wawili kwa pikipiki moja wapige kambi mahali ambapo maji na chakula vinapatikana, wabebe vya kulalia tu, na vizito viende na basi hadi Likasi au vinunuliwe huko. Kama mna ndugu mwenye pikipiki ya pili, afadhali mumwombe.

Mkoba mgongoni mwako siuafiki. Unainua uzito mahali pa juu kabisa, unakuvuta nyuma kila pikipiki inapopanda kilima, na mkiyumba wewe ndiwe unayeyumbisha. Mkoba wa mgongoni unafaa kwa kitu kimoja: blanketi na nguo, vitu vya kilo mbili au tatu, ukiwa umelegezwa mikanda ili sehemu ya chini iegemee keria. Maji na sufuria visiingie humo.

Kuhusu baridi una haki ya kuogopa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10 hata hapa mjini. Kundelungu iko juu zaidi. Lakini baridi ya kambini haitoki juu pekee. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi lililolaliwa hubanwa hadi likapoteza hewa yote iliyokuwa ikihifadhi joto. Ndiyo maana mkeka wa sponji, ambao kila mtu hutaka kuuacha nyumbani kwa sababu ni mkubwa, una thamani kuliko blanketi la pili. Ukiwa na mkeka mzuri chini, blanketi moja kwa kila mtu na soksi kavu zinaweza kutosha Lufira. Kama mtanunua mifuko ya kulalia kwenye mitumba, chagueni ya nyuzi za kutengenezwa badala ya ile ya manyoya ya ndege, kwani manyoya yakilowa hushikamana na hayapashi joto tena. Mifuko hiyo, au mablanketi yenu, yabaneni kwa kuyakalia ndani ya mfuko imara wa plastiki huku hewa ikitoka. Gunia lile litapungua karibu nusu. Mfuko huohuo utazuia vumbi jekundu, ambalo hupenya zipu yoyote mliyo nayo.

Nawasihi pia, wewe na wasomaji wengine, mbabula, yaani jiko la makala, isiingie ndani ya hema kwa ajili ya kuota moto, hata kama makala yanaonekana yamezimika. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na hema lililofungwa halina pa kuitolea.

---

Kijana wa Likasi

Mzee, na hiyo mbabula yenyewe inabebwaje? Nimejaribu kuifunga kila upande na kila mara inakwaruza kitu au kutoa majivu. Tena petroli ya akiba, ninaiweka kwenye chupa za soda.

---

Manseba wa Njanja

Usiibebe, ndugu. Njia nzima wanauza makala, na porini mawe matatu yapo. Beba sufuria moja yenye mfuniko, na ndani yake ujaze chumvi, mafuta, vikombe na kapenta (dagaa), kwa maana sufuria tupu ni nafasi iliyopotea. Ila katika miezi hiyo nyasi zimekauka. Safisha ardhi pande zote kabla ya kuwasha, kwa sababu moto wa pori hapa kwetu hauhitaji zaidi ya cheche.

---

Mkaaji wa Katuba

Kijana wetu, chupa za soda uziache leo. Petroli hudhoofisha vifuniko vyake, jua huitanua, na chupa ikipasuka inamwagikia ekzosi. Tafuta kopo la chuma au kidumu kilichotengenezwa kwa mafuta, usikijaze hadi juu, ukiweke upande usio na ekzosi, mbali na chakula na mkeka. Lita moja ya petroli ni robo tatu ya kilo hivi, kwa hiyo lita tano si mzigo wa kutisha. Kabla ya hapo jiulize kama unaihitaji: tangi la pikipiki hizi, likijaa, linakufikisha mbali kuliko Tshangalele na kukurudisha Likasi.

Maji nayo yagawanywe katika chupa ndogo nyingi badala ya bidoni moja. Bidoni likiwa nusu, maji hurukaruka ndani yake na kila kona inakupa msukumo ambao hukuutarajia. Chupa ndogo hunywewa moja moja hadi kuisha, na zilizojaa hubaki zimetulia. Pia unaweza kuzilinganisha kushoto na kulia kila unaposimama.

Jambo la mwisho ambalo halijaguswa ni kurudi. Watu hupanga mzigo vizuri siku ya kwenda, na siku ya kurudi wanatupa kila kitu nyuma kwa kuwa wamechoka. Wakati huo mizani imebadilika: maji na chakula, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vizito vya mbele, vimekwisha, na hema lililolowa umande limeongeza uzito wake huko nyuma, tena halikunjiki dogo kama lilivyotoka dukani. Kwa hiyo zana, sufuria na kufuli vihamishiwe kwenye mikoba ya tangi iliyobaki mitupu, hema lisogezwe mbele hadi ligusane na mgongo wa dereva, na mkeka ndio ubaki mwisho kabisa. Mfuko wa hema nunueni mkubwa kuliko inavyolazimu, ili asubuhi ya baridi msipigane nao. Kisha bolti za Papa fundi zikazwe tena kabla ya kuondoka, maana njia iliyozilegeza wakati wa kwenda ndiyo mtakayorudi nayo.

---

Mama wa Kampemba

Tumekubaliana nyumbani: shemeji atakuja na pikipiki ya pili, na vizito vyote vitakuwa kwake. Papa fundi, Jumamosi tutakuletea zote mbili upandishe springi na kutengeneza fremu za pembeni kwa ile ya shemeji.

---

Fundi wa mtaa wa Kenya

Karibuni, Mama. Njooni na mikoba yenyewe ikiwa imejazwa kama mtakavyosafiri, kwa sababu fremu hupimwa kwa mkoba uliojaa.